Walnati kwa mwenye kisukari: kula kokwa na utando wake, vidonge vya majani subiri kwanza

Tangu nigundulike na kisukari aina ya 2, ndugu na marafiki wamekuwa wakiniletea walnati kwa nia njema kabisa, na kila anayeleta huongeza neno moja: "Hizi zinashusha sukari." Nazila karibu kila siku na sina mpango wa kuziacha. Ila swali la kama zinashusha sukari silijibu kwa "ndiyo" tu, kwa sababu nimeona watu wakiisikia "ndiyo" hiyo wanaanza kuruka dozi.

Ukipasua walnati utakuta kokwa limefunikwa na utando mwembamba wa kahawia wenye uchungu kidogo. Wapo wanaoubandua kwa sababu ya uchungu huo. Tafadhali usiubandue. Sehemu kubwa ya polifenoli za kokwa, yaani kemikali za asili za mimea, imo humo, hasa kundi liitwalo elajitanini. Zikishaliwa, elajitanini huvunjika na kutoa asidi ya elajiki, ambayo mwili huinyonya kwa shida. Kinachobaki hufika kwenye utumbo mpana, na bakteria waishio humo huigeuza kuwa urolithini, ambazo hupita na kuingia kwenye damu. Hapo ndipo penye jambo ambalo wauzaji hawalisemi: watu hatulingani kwa bakteria hao. Kuna watu ambao miili yao hutoa urolithini nyingi, kuna wanaotoa kidogo, na kuna wasiotoa kabisa ile inayochunguzwa zaidi, urolithini A. Tunaweza kula kutoka bakuli moja, kila mtu akaondoka na faida yake. Ushuhuda wa jirani, hata awe mkweli kiasi gani, haukuhakikishii chochote.

Matumaini kwamba walnati zinashusha sukari hayakutoka hewani. Katika maabara, dondoo za majani ya mti huu zimeonekana kuzuia alfa-glukosidasi, kimeng'enya kinachomalizia kazi ya kuvunja wanga kuwa glukosi. Akarbosi, dawa ya hospitalini, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hata metformini tunayoimeza asili yake inarudi kwenye mmea, Galega officinalis. Lakini angalia safari yake: wanakemia waliitengeneza mwaka 1922, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Leo kila kidonge kina kiasi kinachojulikana. Majani ya walnati hayajafika huko.

Kwa upande wa kula kokwa lenyewe, utafiti uliotoka mwaka 2013 uliwafuatilia wauguzi wanawake wapatao 138,000 nchini Marekani kwa miaka 10. Waliokula gramu 28 mara mbili au zaidi kwa wiki walipata kisukari aina ya 2 kwa uchache zaidi kuliko wasiozila. Ni habari njema, ila inahusu watu ambao hawakuwa wagonjwa bado, na walaji wa walnati huenda wana mazoea mengine mazuri. Majaribio ambayo watu walipewa walnati wazile kwa ujumla hayakuonyesha mabadiliko makubwa ya sukari ya asubuhi wala ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Kilichoshuka ni lehemu mbaya, LDL. Mimi hilo linanitosha, kwa maana kisukari huharibu moyo na mishipa ya damu kimyakimya.

Basi nakula kiganja kimoja, kama gramu 28, yaani vipande 14 hivi vya nusu kokwa. Hapo kuna wanga wa gramu 4 tu, lakini nguvu inafika kalori 185, kwa hiyo zinachukua nafasi ya biskuti, haziji juu ya biskuti. Nachagua zisizo na chumvi wala sukari, na nazihifadhi kwenye friji kwani mafuta yake huchacha upesi. Ukitaka kujua mwili wako unazipokeaje, pima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, kwa siku kadhaa tofauti. Mwenye mzio wa karanga za miti asizijaribu kabisa.

Vidonge na chai ya majani ni habari nyingine. Niliwahi kuletewa chupa isiyoonyesha kiasi cha dondoo kilichomo katika kidonge. Niliipeleka kwa mfamasia wangu, naye akaniuliza kwanza natumia dawa gani. Swali hilo ndilo lenye uzito: kwa anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi, kitu kingine kinachoshusha sukari kinaweza kuiteremsha kupita kiasi, ukaanza kutetemeka, kutokwa jasho na hata kuzimia. Chupa ile sikuifungua. Ukiletewa ya kwako, nenda nayo kliniki ikiwa bado imefungwa, pamoja na orodha ya dawa zako zote.