Shona kwanza, ndipo ukate

Shoga, umeuliza utashonaje blanketi la viraka tisa tisa (miraba tisa, mitatu kwa mitatu) bila kukata kila kiraka peke yake. Usikate! Chukua mabaki ya khanga, yakate mikanda ya upana wa sentimita 8. Shona mitatu ubavu kwa ubavu: iliyokolea rangi, iliyopauka, iliyokolea, seti nyingine iwe kinyume chake. Piga pasi, kisha kata seti hizo kwa kukingama, tena upana wa sentimita 8; kila kipande ni safu ya viraka vitatu. Ukiunga safu tatu kwa kupishanisha, viraka tisa tayari. Mshono usizidi sentimita 0.75, unakula kitambaa. Hapa Ngamiani, Tanga, waombe mafundi cherehani mabaki wanayotupa. Khanga mpya ifue kwanza, tafadhali. Nyekundu yangu ilichuja, nyeupe yote ikawa waridi, nikalia.