Laptopu inarekodi kelele za nje, sio redio

SWALI: Habari fundi, niko Newala, nataka kurekodi kipindi cha korosho cha redio ya mtandaoni nimpelekee mzee shambani maana kule netiweki hamna, ila Audacity, programu ya kurekodia, inanasa bodaboda na majogoo, redio yenyewe inasikika kwa mbaaali. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapo programu inasikiliza maikrofoni, sauti ya ndani haichukui. Kama unatumia Windows, kwenye mipangilio ya sauti ya Audacity toa MME weka Windows WASAPI (hiyo ndiyo njia inayoweza kunasa sauti ya ndani ya kompyuta), halafu kwenye kifaa cha kurekodia chagua spika zenye neno loopback mwishoni, na kama umevaa hedifoni chagua hedifoni, ukikosea hapo hupati kitu. Wengine watakwambia utafute Stereo Mix, kifaa kingine cha kurekodia sauti ya ndani, ipo kweli kwenye baadhi ya mashine ila mara nyingi imezimwa na nyingine hazina kabisa, mi nakushauri achana nayo. Kinachowasumbua wengi ni hiki: redio isipocheza na rekodi haisogei, sio kwamba imeharibika, we anzisha redio kwanza. Zima na milio ya WhatsApp isije ikaingia katikati ya kipindi. Ukimaliza toa kama MP3, mtilie mzee kwenye memori kadi.