Mita za uzio si mita za kebo

SWALI: Tunataka kufunga kebo ya faiba ya ulinzi (uzi wa kioo unaopitisha mwanga na kuhisi mtikisiko) kwenye uzio wa wavu wenye mzunguko wa mita 1,200 na mageti mawili. Fundi amepiga hesabu ya kebo mita 1,200, ipite moja kwa moja, na anasema kengele za uongo atazimaliza kwenye programu. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na kebo kupelea ndiyo shida ndogo. Kila kona na kila nguzo nzito inataka kitanzi cha ziada, maana sehemu ngumu humeza mtikisiko. Getini kebo hushuka ardhini ndani ya bomba na kuibukia ng'ambo. Kipande hicho hakilindi kitu, na geti lenyewe linahitaji kihisi chake. Weka na akiba ya kuungia siku ikikatwa. Ukijumlisha hayo, mita ya 400 ya kebo haiwi tena mita ya 400 ya uzio. Mitambo mingi inayoonyesha mahali uzio ulipotikiswa hupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, takriban nanosekunde 10 kwa kila mita ya kebo, basi lazima mtu auzunguke uzio akiugonga na kuandika ramani. Asipofanya hivyo, walinzi watakimbilia pasipo na mtu.

Sasa hilo la programu, ambalo nalisikia kila mara na linanichosha. Faiba haimjui mwizi. Inachojua ni mtikisiko. Wavu uliolegea, kibao cha onyo kinachoning'inia, tawi linalokwaruza waya: vyote vinapiga kelele ndani ya kebo ileile. Programu nzuri huchuja upepo kwa kiasi fulani, lakini haikazi wavu. Wavu hukazwa kwa mikono, matawi hukatwa, vibao hufungwa pembe zote nne, kabla kebo haijafunguliwa kwenye gurudumu lake. Mafundi wa njia ya mkato hawashiki koleo. Wanashusha usikivu hadi kengele zinyamaze, wanakabidhi kazi, wanalipwa, na mteja anafurahia utulivu wa mtambo uliozibwa masikio.

Na yeyote anayekuambia kebo ya uzioni itamnasa anayechimba chini bila kuugusa uzio, mwache aende zake. Kwa mchimbaji huyo huzikwa kebo nyingine.

Usimalize malipo kabla mtu hajapanda uzio katika kila kanda, siku tulivu na siku ya upepo, usikivu ukiwa uleule. Fundi akianza kuugusa usikivu katikati ya jaribio, anzeni upya.