Kwa nini shangazi anameza tamoksifeni na mwenzake hapewi
Dada, umeuliza kwa nini shangazi yako anameza dawa ya tamoksifeni kila siku wakati mwenzake, naye ana saratani ya titi, hakuandikiwa. Chukua majibu ya kile kinyama alichokatwa shangazi, utafute palipoandikwa ER. Hicho ni kipokezi cha estrojeni (homoni ya kike), protini inayokaa kwenye kiini cha seli. Estrojeni ikishaikamata, protini hiyo hujishikiza kwenye DNA na kuwasha jeni zinazoiamuru seli igawanyike. Maabara hukitia kinyama rangi maalumu, na chini ya hadubini viini vyenye kipokezi huonekana vya kahawia. Saratani nyingi za titi, kama 7 kati ya 10, huwa nacho.

Tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni, jeni hizo zisiwake. Asiye na kipokezi haimsaidii, hivyo mwenzake anatibiwa kwa njia nyingine. Kwa kawaida humezwa miaka 5, wengine hadi 10. Tafadhali, shangazi asiiache kimyakimya kwa sababu ya joto la ghafla mwilini. Amwambie daktari wake. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani dawa hii huweza kugandisha damu.