Mgonjwa anachoka, majibu ya homoni yamerudi: soma hivi

Uchovu mwingi unaouona kliniki si wa homoni. Kama FBP (picha kamili ya damu), sukari, kreatinini, VVU na kipimo cha mimba havijafanyika, anza navyo, ni rahisi zaidi.

Majibu ya kotisoli, homoni ya adreno, tezi zilizo juu ya figo, yakifika, kabla ya namba tazama saa damu ilipotolewa. Homoni hii huwa juu asubuhi, kisha hushuka, ndiyo maana hupimwa saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Mtu katoka Chanika, foleni ikamkamata, katolewa damu saa saba mchana: 150 yake haikwambii kitu. Arudie mapema. Ya asubuhi ikiwa chini ya 100 nanomoli kwa lita, shuku tezi za adreno au pituitari, tezi ya chini ya ubongo inayoziamuru. Ikipita 450, tafuta kwingine. Na soma kizio! Maabara nyingine huandika mikrogramu kwa desilita. Zidisha kwa 27.6. Usije ukaona 12 ukashtuka, hiyo ni kama 331.

Dawa ziulizie kwa lugha ya mtaani. Ukisema "steroidi" atakataa, sema mkorogo. Krimu za kujichubua zenye klobetasoli, zikipakwa miezi mingi, hulaza adreno, na akiziacha ghafla ndipo anapoishiwa nguvu. Vidonge vya nywele na kucha vina biotini, ambayo kwenye baadhi ya mashine hushusha TSH (homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi, tezi ya shingoni) na kupandisha FT4 (homoni ya thairoidi yenyewe) kwa uongo. Aviache siku mbili tatu, upime upya.

TSH juu na FT4 chini haina fumbo: thairoidi imechoka. TSH ya 6 na FT4 nzuri, rudia baada ya miezi miwili mitatu kabla ya kumwandikia dawa. Wengi hunaswa na FT4 ya chini yenye TSH "ya kawaida": ripoti haina alama nyekundu kwenye TSH, wanapita. Hapo pituitari haiitumi thairoidi. Kwa mama, uliza kama alivuja damu nyingi akijifungua, maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi: ni dalili za pituitari kuumia. Usimwanzishie levothairoksini, dawa ya thairoidi, kabla ya kujua kotisoli. Huharakisha kuisha kwa kotisoli kidogo aliyonayo, akaanguka.

Mwenye TB naye mwangalie: ugonjwa wenyewe hula adreno, na rifampisini huharakisha ini kuvunja kotisoli. Sodiamu ya chini na potasiamu ya juu ni dalili za adreno kushindwa.

Akifika anatapika, presha 80/50, chukua damu ya kotisoli, mpe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa na dripu ya normal saline hapo hapo. Majibu yatamkuta wodini.