Jibu: kuongeza opsheni mpya kwenye manual ya sl

Mkuu, kama nimekupata vizuri, umeongeza opsheni kwenye sl (ile programu ya garimoshi linalokatiza skrini ukikosea kuandika ls, komandi ya kuorodhesha mafaili) na manual bado haijaitaja hiyo opsheni, hujui uanzie wapi. Fungua faili ya manual yenyewe, sl.1, kwa edita yoyote, ni maandishi tu, yameandikwa kwa roff (lugha ya kupangilia maandishi), mistari ya maagizo inaanza na nukta, .SH ni kichwa cha sehemu, .B inakoleza herufi. Nakili kipande cha opsheni ya -a, kile cha ajali ambapo watu wanaomba msaada, bandika chini yake halafu badilisha herufi na maelezo. Deshi ya opsheni andika \- sio - peke yake, maana mtu akiikopi kutoka kwenye manual inaweza kugeuka alama nyingine na komandi ikagoma, hii inasumbua watu sana aisee. SYNOPSIS pale juu (sehemu inayoonyesha komandi inavyoandikwa) nayo irekebishe, wengi wanaisahau, na tarehe kwenye .TH, mstari wa kichwa cha manual. Ukimaliza cheki inavyoonekana kwa komandi ya man ./sl.1 kabla hujatuma. Na tafadhali eleza garimoshi linafanya nini haswa, programu ya kuchekesha nayo inastahili manual inayoeleweka.