Re: Redio ndogo inatoa wapi habari za Washington?
Ndugu umeuliza hiyo redio ya mji wenu huko Minnesota inapataje habari za Washington na haina mwandishi kule. Kama ni ya umma basi mara nyingi imejiunga na NPR, yaani mtandao wa redio za umma wa Marekani, inalipa ada, sauti inashuka kwa satelaiti na kompyuta ya studio inaidaka yenyewe. Sikiliza vizuri, taarifa inaanza dakika 1 baada ya saa kamili, ikifika dakika ya 4 kuna upenyo, hapo mtangazaji wenu anaweza kuingiza habari za kaunti, na akifanya hivyo mpongezeni aisee maana hizo hakuna mwingine atawaletea. Redio za biashara zinachukua habari za mashirika kama ABC au Fox, na mara nyingi redio inalipa kwa kuwarushia matangazo yao.